Mashimo ya Luhwindja: nani anaandika yanapoporomoka?

*Wachimbaji wa Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, husoma mwamba kwa sikio na kwa mkono. Bukavu kuna wataalamu wa miamba na udongo. Makala haya yanauliza kwa nini maarifa ya hawa na wale hayajakutana kwenye ukurasa mmoja, na ni nani anayelipia kwa uhai wake.*

Kabla ya kuinua sururu, mchimbaji huinua mtalimbo na kuigonga dari ya shimo. Hugonga juu ya kichwa chake, kisha kushoto, kisha kulia, huku amenyamaza na wenzake wamenyamaza nyuma yake. Mwamba mzima hujibu kwa mlio mkali, mfupi. Mwamba uliojitenga na mlima hujibu kwa mvumo mzito, na mkono ulioshika mtalimbo huhisi mtetemo ambao haukuwapo pengine. Hapo mwenye busara hurudi nyuma. Hutumwa mtu kumwita mweka miti, ambaye migodini humu anajulikana kwa jina la Kifaransa, boiseur, na kazi husimama mpaka dari itegemezwe au iangushwe kwa makusudi.

Kitendo hicho cha dakika chache ni kipimo halali cha kisayansi. Sauti hupita ndani ya jiwe kulingana na ugumu wake na nyufa zake. Ufa uliofichika hukata njia ya mtetemo, na bamba la jiwe lililolegea hutikisika peke yake kama ngozi ya ngoma. Wahandisi wa migodi mikubwa duniani hufanya vivyo hivyo, kwa fimbo ya chuma au kwa vyombo vya umeme, kisha huandika walichosikia. Katika machimbo ya Luhwindja, Kamituga na Lugushwa, kilichosikika hubaki kichwani mwa aliyesikia.

Makala haya yanahusu mekanika ya yabisi, yaani elimu ya namna vitu vigumu vinavyobeba mzigo, vinavyopinda na vinavyovunjika. Katika Kivu Kusini elimu hiyo haina uwanja mpana kuliko mashimo ya dhahabu. Kila siku maelfu ya watu huingia chini ya dari ambazo hazikuchorwa na mhandisi yeyote, na uamuzi wa kuingia au kurudi hufanywa kwa mtalimbo.

Mlima wenye wenyewe wengi

Luhwindja ni shefferi, utawala wa kimila, katika teritwari ya Mwenga, umbali wa kilomita kama 45 kutoka Bukavu kuelekea kusini-magharibi. Ni nchi ya vilima virefu, migomba, mihogo na mvua nyingi, yenye miinuko inayopita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Dhahabu yake ilijulikana tangu enzi ya ukoloni. Kampuni ya Minière des Grands Lacs, iliyofupishwa MGL, ilichimba mitaro na njia za chini kwa chini kuuchunguza mlima wake wa Twangiza kati ya 1957 na 1966. Mwaka 1976 kampuni za madini za mkoa ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Miaka 20 baadaye kampuni ya Banro ya Kanada ikaanza kununua mali hizo, ikanyang'anywa na serikali mwaka 1998, ikarudishiwa kwa makubaliano ya mwaka 2002.

Dhahabu ya kwanza ya kiwanda cha Twangiza ilimiminwa Oktoba 2011, na uzalishaji wa kibiashara ukatangazwa Septemba 2012. Mtambo wenyewe ulikuwa umeshatumika Gympie, Australia, kabla ya kukarabatiwa na kusafirishwa hadi Kivu. Ulilenga hasa mwamba uliooza kwa maji na hewa, ule mwekundu unaosagika kwa urahisi juu ya mlima. Chini yake kuna mwamba mbichi, mgumu zaidi, na kila mita ya kushuka ilimaanisha nguvu zaidi ya kusaga.

Mgodi wa kiwanda ulipofika, wachimbaji wadogo waliondolewa mahali pengi walipokuwa wakifanya kazi, na kaya zikahamishiwa Cinjira, mlimani, ambako wakazi wamelalamikia baridi na uhaba wa ardhi ya kulima. Wachimbaji wengine walibaki pembeni mwa eneo la kibali cha kampuni, Kaderhwa ikiwa mahali palipotajwa sana katika mivutano hiyo. Banro ilijikuta ikiomba kinga dhidi ya wadai wake Desemba 2017, na mgodi ukaingia mikononi mwa wawekezaji wa Kichina. Februari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji wa Bukavu, na mwezi Mei wakaushika na mgodi wa Twangiza.

Nimesimulia haya kwa sababu moja. Mlima huu umebadilisha wenyewe mara nyingi, na kila alipoondoka mmoja, maarifa yake juu ya mwamba yaliondoka naye.

> Mlima huu umebadilisha wenyewe mara nyingi, na kila alipoondoka mmoja, maarifa yake juu ya mwamba yaliondoka naye.

Dhahabu hupita penye ufa

Kwa nini dari za mashimo ya dhahabu huwa mbaya kuliko za mapango mengine? Jibu limo katika namna dhahabu ilivyofika.

Zamani sana tabaka za matope na mchanga zilizogeuka kuwa mawe zilikunjwa kwa nguvu za ardhi. Twangiza iko kwenye mgongo wa mkunjo wa namna hiyo. Jiwe likikunjwa, mgongo wake huvutwa na kupasuka. Maji ya moto kutoka chini sana yalipanda kupitia nyufa hizo, yakabeba madini, yakayaacha pamoja na jiwe jeupe la kwazi. Hiyo ndiyo filoni anayoifuata mchimbaji.

Basi mchimbaji hufuata ufa. Humfuata adui yake kwa hiari, kwa kuwa penye dhahabu ndipo mwamba ulipovunjika tangu kale, na penye mwamba mzima, wenye dari ya kuaminika, mara nyingi hakuna kitu cha kuuza. Hakuna mafunzo ya usalama yatakayomfaa mtu huyu yasipoanzia hapa.

Sayansi ya nyufa ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, Alan Arnold Griffith, alionyesha kwa majaribio ya kioo kwamba nguvu halisi ya kitu kigumu huamuliwa na nyufa ndogo zilizomo ndani yake. Ufa mrefu huhitaji nguvu kidogo kuendelea kupasuka. Ukishaanza kukimbia, hausimami. Mwamba uko hivyo. Ukiubana, hustahimili mno. Ukiuvuta, hukatika kwa nguvu ndogo, kwa kawaida kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ile inayohitajika kuuponda. Katikati ya dari pana, upande wa chini wa jiwe huwa unavutwa. Ndiyo maana shimo likipanuliwa kwa tamaa ya filoni, dari huanza kupasuka pale pale watu wanapofanyia kazi.

Wanawake wanaotwanga mawe nao wanaijua tofauti ya miamba, ingawa hawaulizwi. Kamituga huwaita mamans twangaises. Kabla mashine za kusaga hazijawapunguzia kazi na kipato, wao ndio walioliponda jiwe kwa kinu mpaka likawa unga. Mkono wa mtwangaji hujua haraka jiwe lililooza na jiwe lililo hai. Laiti mtu angeandika kila gunia lilitoka shimo gani na lilichukua muda gani kusagika, angepata rekodi ya ugumu wa mwamba wa mlima mzima bila kununua chombo chochote.

Uzito, maji na mti

Chini ya mita 30 za mwamba kuna uzito wa tani 60 hadi 80 juu ya kila mita moja ya mraba, kutegemea jiwe limeoza kiasi gani. Hakuna gogo linaloweza kuubeba mlima huo. Njia ya chini ya ardhi husimama kwa sababu uzito huzunguka pembeni yake, ukapita kwenye kuta na nguzo zilizoachwa, na juu ya dari likabaki tao la jiwe linalojibeba lenyewe.

Kazi ya mti ni kushika kipande kilicholegea chini ya tao, na kuzuia ulegevu usipande juu. Mti uliokazwa mapema, kabla dari haijashuka, huokoa watu. Mti huohuo ukiwekwa baada ya dari kuanza kushuka huwa umechelewa, hata ungekuwa mnene namna gani.

Miti mingi ya mashimo ya mkoa huu ni mikaratusi, na hapa hesabu ndogo ingeweza kubadilisha mengi. Mti mrefu na mwembamba haufi kwa kupondwa, hufa kwa kupinda. Uwezo wake wa kukataa kupinda hukua haraka mno kwa unene: mti wa kipenyo cha sentimita 12 una uwezo mara mbili wa ule wa sentimita 10, urefu ukiwa uleule. Na urefu ukipunguzwa nusu, uwezo huongezeka mara nne. Sentimita mbili sokoni ni fedha kidogo. Katika njia ya chini huenda ndiyo tofauti ya mtu kurudi nyumbani.

Tena kuna unyevu. Mti mbichi hubeba mgandamizo wa karibu nusu ya ule unaobebwa na mti uliokauka vizuri. Mti uliokatwa Jumatatu Walungu na kusimamishwa shimoni Jumatano bado ni mbichi, na humo shimoni, penye joto na maji, kuvu huanza kuula. Pamoja na hayo, boiseur wazuri wanaupenda mti kwa sababu ambayo wahandisi wa chuma huisahau: mti hulia kabla ya kuvunjika. Nyuzi zake hukatika moja moja, zikatoa mlio unaosikika na aliye mbali, na watu wakapata muda wa kukimbia.

> Sentimita mbili sokoni ni fedha kidogo. Katika njia ya chini huenda ndiyo tofauti ya mtu kurudi nyumbani.

Adui mkubwa kupita yote ni maji. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, udongo na mwamba uliooza hukauka kiasi, na unyevu mdogo uliobaki kati ya chembe huzivuta zishikamane. Ukuta husimama wima, ukaonekana imara. Mvua za Septemba zinapoanza, mvuto huo hutoweka. Kisha maji hujaza nyufa na kuzisukuma pande mbili, na uzito uliokuwa ukibana jiwe kwa jiwe hupungua. Karl Terzaghi, aliyeandika kitabu chake cha mekanika ya udongo mwaka 1925, ndiye aliyeeleza jambo hilo kwa hesabu: nguvu inayoushika udongo ni mgandamizo uliobaki baada ya kutoa msukumo wa maji.

Tarehe 11 Septemba 2020, katika machimbo yaitwayo Detroit mjini Kamituga, teritwari hiyo hiyo ya Mwenga, mvua kubwa ilijaza mashimo maji na watu wapatao 50 wakafia chini. Gavana wa mkoa wakati huo, Théo Ngwabidje Kasi, alitangaza siku mbili za maombolezo. Picha za umati ulioizunguka midomo ya mashimo zilienea duniani kwa siku chache.

Mwezi na mvua vilikuwa vilevile ambavyo mekanika ya udongo ingevitaja. Ningependa kusema kwamba baada ya hapo mashimo ya jirani yalipimwa, nguzo zikachorwa, na njia za maji zikawekwa kwenye ramani inayoweza kusomwa na mchimbaji wa Luhwindja. Lakini kinachofuata kwa kawaida baada ya misiba ya namna hii ni katazo, kisha kimya, kisha watu kurudi kazini kwa sababu watoto wanakula kila siku.

Somo la Coalbrook

Swali la namna ya kujifunza kutokana na maporomoko, Afrika imeshalijibu mara moja, kwa gharama ya kutisha.

Tarehe 21 Januari 1960 mgodi wa makaa ya mawe wa Coalbrook, Afrika Kusini, ulianguka. Nguzo za makaa zilizokuwa zimeachwa kushika dari zilipondeka moja baada ya nyingine, uzito wa iliyokufa ukihamia kwa jirani yake, mpaka eneo kubwa likashuka. Wafanyakazi 435 walikufa, wengi wao wahamiaji kutoka Lesotho na Msumbiji. Miili yao haikutolewa.

Hesabu ya nguzo ni nyepesi kuielewa. Ukichimba nusu ya eneo, nusu iliyobaki hubeba mzigo wa yote, yaani kila nguzo imebeba mara mbili. Ukichimba robo tatu, robo iliyobaki imebeba mara nne. Mchimbaji anayerudi kuichonga nguzo kwa sababu ina dhahabu anapunguza kibebaji na kuongeza mzigo kwa pigo moja la sururu.

Kigumu ni kujua nguzo ya unene fulani hubeba kiasi gani. Kipande cha jiwe kwenye maabara hudanganya, kwa kuwa ni kidogo, na kidogo hukosa nyufa kubwa. Baada ya Coalbrook watafiti wawili, Miklós Salamon na A. H. Munro, walichukua njia nyingine. Walikusanya kumbukumbu za migodi ya makaa ya Afrika Kusini: mahali 98 ambapo nguzo zilikuwa zimesimama, na mahali 27 ambapo zilikuwa zimeporomoka. Kwa kila mahali waliandika upana wa nguzo, urefu wake, kina na nafasi kati yake. Kutoka kwenye mistari hiyo 125 wakapata kanuni ya nguvu ya nguzo, waliyoichapisha mwaka 1967, na ambayo wahandisi wa makaa wamekuwa wakiitumia na kuiboresha tangu hapo.

Mtaji wao ulikuwa uaminifu wa kuandika yaliyosimama pamoja na yaliyoanguka. Kivu Kusini ina visa vingi kuliko 125. Vimezikwa pamoja na watu.

> Walikusanya mahali 98 palipokuwa pamesimama na mahali 27 palipoporomoka. Kivu Kusini ina visa vingi kuliko hivyo.

Sidai kwamba kanuni ya makaa ya mawe ya Afrika Kusini ihamishiwe Luhwindja. Tabaka la makaa ni bapa, filoni ya Luhwindja imeinama na kukatika. Nguzo ya makaa hupangwa kwa ramani, ya Luhwindja huachwa kwa bahati. Kinachohamishika ni njia ya kufanya kazi.

Bukavu inajua kupima

Kuna wanaosema utafiti wa namna hii hauwezekani katika nchi yenye vita na barabara mbovu. Bukavu yenyewe inawakanusha.

Mji huo umejengwa juu ya miteremko inayotembea. Katika mtaa wa Funu kuna poromoko la kina lenye ukubwa wa kilomita ya mraba moja na nusu hivi, linaloteleza polepole na maelfu ya nyumba juu yake. Watafiti wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji kutoka Vrije Universiteit Brussel na Jumba la Makumbusho la Afrika la Tervuren, walilifuatilia kwa picha za zamani za ndege, picha za setilaiti na vipimo vya ardhini. Matokeo yalitoka mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience: kwa muda wa miaka 70 mwendo wa sehemu za poromoko hilo uliongezeka kadiri mji ulivyojengwa juu yake. Nyumba, mifereji na mabomba vilibadilisha njia ya maji, na maji yakabadilisha mlima.

Kwa hiyo kuna watu Bukavu wanaoweza kukaa na mteremko mmoja miaka mingi, wakapima milimita, wakachapisha mahali panapoheshimika. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu nacho kina kituo cha utaalamu wa usimamizi wa madini, CEGEMI, ambacho pamoja na washirika wa Chuo Kikuu cha Antwerp kimeandika mengi juu ya wachimbaji wadogo: nani anamiliki shimo, faida inagawanywaje, mashine zimewafanya nini wanawake. Juu ya uchumi na haki za mashimo tunasoma mengi. Utafiti wa uimara wa shimo lenyewe, wa mti na dari na nguzo, umebaki nyuma sana.

Ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Rwenzori nchini Uganda, kumekuwa na jaribio linalofaa kuigwa. Tangu mwaka 2017 wakazi waliochaguliwa vijijini wamekuwa wakirekodi kwa simu maporomoko, mafuriko na matetemeko yanayotokea karibu nao, na kuyatuma kwa watafiti wa chuo kikuu. Mkulima huwahi kufika kabla ya mtaalamu, na huona mambo yatakayokuwa yamefukiwa mtaalamu atakapofika. Katika shimo la dhahabu tofauti hiyo ni kubwa zaidi, maana poromoko hufukuliwa siku ileile kutafuta miili, na alama zote zikapotea.

Kuripoti ni kukiri

Kikwazo kikubwa kiko kwenye sheria, na hapa pande zinavutana kweli.

Kanuni ya Madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inamruhusu Mkongomani kuchimba kwa mikono ndani ya eneo lililotengwa kwa uchimbaji mdogo, kwa kina kisichozidi mita 30, akiwa mwanachama wa ushirika. Serikali ina idara ya kuwasaidia, SAEMAPE. Mtetezi wa kanuni hii atasema, na ana hoja, kwamba mita 30 ni mpaka wa busara: zaidi ya hapo mzigo, maji na hewa mbaya huhitaji mashine na wahandisi.

Wachimbaji hujibu kwamba mwamba wenye dhahabu haujui mita 30, na kwamba ardhi nzuri karibu yote imeshaandikwa jina la kampuni. Luhwindja ni mfano wa wazi. Mtu anayechimba ndani ya kibali cha Twangiza, au aliyepita kina kilichowekwa, tayari yuko nje ya sheria. Kwake kuripoti poromoko ni kukiri kosa. Atawaficha maofisa dari iliyopasuka, na ikibidi atawaficha hata waliokufa.

Mwenye shimo, anayeitwa PDG, naye ana hesabu zake. Yeye hugharimia chakula, zana na miti katika miezi ya kuchimba mwamba mtupu, mara nyingi kwa mkopo wa mnunuzi wa dhahabu. Kila mti ni deni. Ukimwambia anunue mti mnene zaidi, bila kumwonyesha kwa nini, unamwambia aongeze deni.

Kampuni husema wavamizi wanahatarisha maisha yao wenyewe na mali yake. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Mgodi wa wazi haujengwi bila kutoboa mamia ya mita za mwamba, kupima nguvu ya sampuli na kuamua kuta ziinamishwe kwa nyuzi ngapi. Maarifa hayo juu ya mlima wa Luhwindja yapo, yamefungwa ndani ya ripoti za kitaalamu zilizoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wawekezaji. Yanahusu tabaka zilezile anazozichimba mtu wa Kaderhwa kwa nyundo na patasi. Naona ni haki kwamba sharti mojawapo la kupewa kibali cha mlima liwe kuyaweka wazi yale yanayogusa uhai wa majirani wake: wapi mwamba umeoza, wapi maji hupita, wapi mkunjo umepasuka zaidi.

Na daftari la maporomoko lisikae kwa polisi wala kwa idara inayotoza kodi. Likae chuo kikuu, bila majina ya watu, na lilindwe kwa sheria lisitumike mahakamani dhidi ya aliyetoa habari. Najua serikali hazipendi kufungiwa mlango wa habari zinazohusu makosa. Ila wakiulazimisha mlango huo, kurasa zitabaki tupu.

Safu za daftari

Ushirika wowote wenye kalamu, futi ya kupimia na mtu mmoja anayeaminika unaweza kuanza. Tarehe, na siku ngapi tangu mvua ya mwisho. Kina cha mahali palipoanguka. Upana wa njia na urefu wa dari. Jiwe jekundu lililooza au jiwe jeusi zima. Filoni imeinama upande gani. Unene wa miti, umbali kati ya mti na mti, na wiki zilizopita tangu ikatwe. Mlio uliosikika kabla, na muda kati ya mlio na anguko. Kisha, jambo ambalo watu huwa wavivu kulifanya, kuyaandika hayo hayo juu ya mashimo ya jirani yaliyosimama siku ileile, chini ya mvua ileile. Bila hayo yaliyosimama, yaliyoanguka hayatatufundisha mengi. Salamon na Munro walihitaji yote mawili.

Watafiti wa Bukavu wangeleta chombo kidogo cha kuvunjia jiwe kati ya ncha mbili, kinachobebeka kwa mkono na kisichohitaji kulichonga jiwe kwanza, ambacho Shirika la Kimataifa la Mekanika ya Miamba lilikiwekea utaratibu wa matumizi mwaka 1985. Wangeleta pia uvumilivu wa kumsikiliza boiseur akieleza kwa Mashi au kwa Kiswahili kwa nini leo hakuipenda dari, na kuyaandika maneno yake kama kipimo kati ya vipimo. Vita vimezifanya safari za shambani kuwa za hatari, na sitamwambia mwanafunzi yeyote aende mahali penye bunduki. Lakini wachimbaji wengi hushuka Bukavu kuuza na kutibiwa. Mazungumzo yanaweza kuanzia mjini.

Yanaweza kuanza pia kwa kurudi nyuma. Wapo Kamituga waliofanya kazi katika mashimo ya Detroit na ya jirani kabla ya ile Ijumaa ya Septemba 2020. Wanakumbuka maji yaliingilia upande gani, miti ilisimamishwa wapi, mashimo yapi yaliunganishwa chini kwa chini na ukuta kati yao ulibaki na unene gani. Kumbukumbu hiyo inafifia kila mwaka. Mtafiti mwenye wiki mbili, karatasi na penseli angeweza kuchora pamoja nao ramani ya siku ile, na ukurasa wa kwanza ukaandikwa kabla ya mvua nyingine.